Dakika za Mwanzo: Kiswahili na Mafunzo ya Waokoaji Katika Nchi ya Chai

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii imezoeleka mno hata aghalabu hutamkwa kando ya barabara kama hitimisho, ilhali ingefaa iwe mwanzo wa swali. Ikiwa ajali yenyewe haina kinga, je, aliyejeruhiwa naye hana? Baina ya kishindo cha gari na mlango wa hospitali pana muda, na ndani ya muda huo mtu huweza kufa kwa jambo ambalo mikono miwili iliyofunzwa ingelizuia. Muda huo unapaswa kumshughulisha mwanafunzi wa Kiswahili sawa na unavyomshughulisha tabibu, kwa kuwa hutawaliwa na vitu viwili: mikono na maneno.

Kericho na Bomet ni nchi ya vilima, mvua za alasiri na barabara zenye shughuli nyingi. Barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Kisumu hupita humo ikiwa imebeba mabasi, matatu na malori ya makontena yaendayo hadi Uganda. Nyingine hupita Litein, Kapkatet na Sotik, mashamba ya chai yakiwa yametanda pande zote mbili. Mandhari hayo yanapendeza macho, lakini barabara zenyewe zina kumbukumbu chungu. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka na kuangamiza zaidi ya watu 100. Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilipinduka Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena liliacha njia katika makutano ya Londiani likawavamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa kituoni. Hapo pia waliofariki walizidi 50.

Katika misiba ya namna hii, anayefika kwanza aghalabu si daktari. Ni kijana wa bodaboda, mama muuza viazi au mchuma chai aliyebwaga kikapu chake aliposikia mayowe. Ambulensi haina budi kutoka Kericho mjini, Longisa au Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1937 karibu na Bomet, na milima haipunguzi urefu wake kwa ajili ya majeruhi. Kwa hivyo jirani hutenda kwa huruma. Humvuta aliyenaswa kwa mikono, humkalisha wima, humnywesha maji, kisha humpakata juu ya pikipiki. Huruma hiyo ni ya kusifiwa, lakini huruma isiyofunzwa huweza kuuvunja uti wa mgongo ulionusurika, na maji huweza kumpalia asiyejifahamu.

Mafunzo ya uokoaji ndiyo yanayoigeuza huruma hiyo kuwa msaada. Funzo la kwanza hushangaza wengi: mwokoaji hutazama usalama wake kabla ya kumgusa majeruhi. Sachang'wan inatosha kuwa ushahidi wa funzo hilo. La pili ni damu: inayobubujika hubanwa kwa kitambaa safi na mkono usioachia, maana mshipa mkubwa ukikatika mtu huweza kufa kwa dakika chache tu. La tatu ni pumzi. Ubongo uliokosa hewa huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi. Basi mtu mzima asiyeitika wala kupumua sawasawa hubonyezwa kifua katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikiachwa kiinuke kila mara. La nne ni subira: majeruhi hahamishwi mpaka msaada ufike, isipokuwa pale penye hatari kama moto. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji shahada. Yote huhitaji kueleweka, na hapo ndipo suala la lugha linapoingia.

Vitabu vingi vya mafunzo haya vimeandikwa kwa Kiingereza. Hali kadhalika, mtaalamu wa huduma za dharura hupimwa kwa istilahi za Kiingereza, kisha hutumwa barabarani ambako hakuna anayezitumia. Mashamba ya chai yamewakusanya Wakipsigis, Abagusii, Waluo na Waluhya kwa vizazi kadhaa, na lugha inayowaunganisha kazini na sokoni ni Kiswahili. Hata hivyo, si kila Kiswahili kitafaa. Chukua neno mshtuko. Kwa tabibu, neno hili hutaja hali ambayo mzunguko wa damu umedhoofika kiasi cha viungo kukosa hewa safi, hali iwezayo kuua. Kwa raia, mshtuko ni hofu ya ghafla ipozwayo kwa maneno ya faraja. Mwokoaji akisema, "Huyu ana mshtuko," jamaa huketi wakimliwaza mtu ambaye anahitaji hospitali mara moja. Vivyo hivyo, anayeambiwa "weka presha" kwenye jeraha huweza kudhani kuwa pametajwa maradhi ya shinikizo la damu. Akiambiwa "bonyeza hapa, usiachie," hana la kuuliza.

Mwanafunzi wa sarufi atatambua kwamba Kiswahili kimejaliwa zana bora kwa kazi hii. Tazama neno usimvute: ndani ya silabi tano mna mtendaji, ukanushi, mtendwa na kitendo. Mtu aliyejawa na hofu hasikilizi sentensi ndefu. Hunasa neno moja. Tofauti ya umoja na wingi nayo ina uzito wa uhai. Anayepaza sauti, "Pigeni simu!" mbele ya umati huenda asisikizwe, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake atapiga. Anayesema, "Wewe mwenye koti jekundu, piga 1199, kisha urudi uniambie walivyojibu," amemkabidhi mtu mmoja nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu pamoja na jukumu asiloweza kumsukumia mwingine. Wakufunzi wa uokoaji huifundisha mbinu hii kila siku. Wanaisimu wangeweza kuieleza na kuinoa zaidi.

Pana hoja mbili zinazopinga rai hii, nazo zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba mtaalamu wa dharura lazima amweleze daktari hali ya mgonjwa, na hospitalini kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza. Hilo ni kweli. Kwa hivyo afunzwe kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, asifunzwe moja peke yake. Ya pili ni kwamba bibi mkongwe wa Bomet huenda asikifahamu Kiswahili vyema na akahitaji kuulizwa kwa Kikipsigis anapoumwa. Hilo pia ni kweli, nalo linadai mafunzo yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi ambacho mkufunzi wa kijijini ataweza kukifasiri papo hapo.

Sheria nayo imekwisha kutangulia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inahesabu huduma kabla ya kufika hospitalini kuwa sehemu ya matibabu hayo. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili havijakutanishwa vya kutosha kando ya barabara. Haki ya kuokolewa hupungua thamani iwapo aliye karibu hakuwahi kufunzwa kwa lugha anayoielewa.

Kazi ya kuvikutanisha haiwezi kuachiwa matabibu peke yao. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimezoea makongamano ya istilahi ambamo neno hupitishwa ukumbini na kuzikwa kitabuni. Safari hii neno lipelekwe kwenye kituo cha kupimia majani chai na kwenye steji ya bodaboda, litamkwe mara moja, na msikilizaji aombwe kutenda alichosikia. Likimfanya abonyeze mahali panapofaa, lipite. Likimfanya asite, litupwe, hata kama limesanifiwa na profesa. Orodha itakayobaki itakuwa fupi, pengine ya ukurasa mmoja tu, nayo itoshe kubandikwa ukutani pale Londiani, mahali ambapo wachuuzi na abiria wataweza kuisoma wakisubiri gari.