Marejea Yanapochanua Msasani

Gari likishapita Uyole barabara hupanda, na baridi huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Ilikuwa mwezi wa Mei, na ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga Rungwe. Isyonje, pale inapochepuka njia ya Kitulo, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami. Tukateremka na kupita Kiwira, yenye magunia ya viazi na mikungu ya ndizi kando ya barabara, na kila nilikogeuka kulikuwa na kijani: migomba, chai, maharage, miparachichi.

Nilishuka Tukuyu nikaulizia Msasani. Si ile ya pwani ya Dar es Salaam. Hii iko huku kwenye miinuko ya Rungwe, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Nilifunga safari hiyo kwa ajili ya mmea mmoja tu, marejea.

Marejea ni mmea wa jamii ya kunde, wa msimu mmoja, wenye maua ya njano. Kusini mwa Tanzania ukiutaja, wazee wanakumbuka Peramiho, Songea, ambako Padre Gerold Rupper, Mbenedikto, aliupigia debe kwa wakulima miaka ya 1980 kama tiba ya mashamba yaliyochoka. Magharibi mwa Kenya majani yake ni mboga, wanaiita mitoo. Mimi nilitaka kuuona ukiwa umesimama shambani na maua yake, na nyuki wakiyatembelea.

Mama mwenyeji wangu aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha chai kwanza. Nilipoulizia nyuki alitazama juu. “Bado, mwanangu. Huku nyuki wanasubiri jua kama sisi.” Basi tukaanza na udongo.

Udongo wa Rungwe umetokana na majivu ya volkano. Ni mweusi, mwepesi, jembe linazama bila taabu, na mgeni anaweza kudhani hauhitaji kitu. Lakini mvua nyingi huosha naitrojeni na kuizamisha chini kusikofikiwa na mizizi ya mahindi, na kwenye mteremko huchukua udongo wenyewe. Mama alichimbua shina moja taratibu, akakung'uta udongo, akanionyesha vinundu vilivyong'ang'ania mizizi. Kimoja alikipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi. “Hiki kiko kazini,” alisema. “Ukikuta cha kijani au cha kijivu, hicho kimeshachoka.” Ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Marejea yakifyekwa na kufukiwa, chakula hicho huuendea udongo, na zao linalofuata hukikuta; hiyo ndiyo mbolea ya kijani.

Jua lilipochomoza ukungu ukakatika, na shamba likabadilika sauti. Nilichuchumaa mbele ya ua moja nikalitazama kwa muda mrefu. Ni la njano, lenye mistari ya rangi ya damu ya mzee, na petali zake za chini zimeungana kuwa kifuko chenye mdomo uliochongoka. Chavua imefungiwa humo. Akatua nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao za mapaa. Uzito wake ukakibonyeza kifuko, na pale nchani ikachomoza chavua, ikamganda tumboni. Alipoondoka kifuko kilirudi juu, tayari kwa mwingine. Nyuki wa asali nao walikuwepo, wepesi kuliko yeye, baadhi yao wakitafuta mbochi ubavuni mwa ua.

Hapo ndipo nilipoiona shida ambayo mazungumzo ya mbolea ya kijani huiruka. Wakati mzuri wa kufyeka marejea ni pale yanapochanua. Mashina bado laini, majani yamejaa naitrojeni, na yakifukiwa huoza upesi. Ukingoja mbegu zikomae, mashina yanakuwa kama kuni na naitrojeni nyingi imeshahamia kwenye mbegu. Kwa hiyo mkulima mwenye haraka hufyeka shamba zima kwa siku moja, na nyuki wote waliolizoea wanabaki bila chakula.

Yule mama hafyeki hivyo. Huanza na mistari ya katikati, anafukia, anaacha ya pembeni ichanue hadi mwisho, na humo ndimo anamopata mbegu. Naamini ndivyo inavyopasa kufanywa Rungwe nzima, hasa sasa ambapo parachichi limekuwa zao la fedha. Ua la parachichi hufunguka kwanza likiwa la kike, likafunga, kisha likafunguka tena likiwa la kiume, hivyo chavua inahitaji mbebaji, na nyuki ni mbebaji hodari. Miparachichi haichanui mwaka mzima, lakini nyuki anakula mwaka mzima. Asipopata chakula anahama na mzinga unabaki mtupu.

Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa akilia zizini, nikauliza kama naye hupewa marejea. Alikataa kabisa. Ni busara, kwa sababu mimea mingi ya jenasi ya marejea ina sumu inayodhuru ini la mifugo, na mbegu ndizo hatari zaidi.

Maganda yaliyokauka yalikuwa kwenye ungo barazani, na ukiyatikisa mbegu zinacheza ndani. Mbegu hizo alizipata kwa jirani, na jirani naye alipewa. Wewe mwenye shamba la parachichi, kahawa au mahindi huku nyanda za juu, omba kibaba cha mbegu kwa mwenye nazo kabla mvua hazijaanza. Na siku ya kufyeka ikifika, tafadhali acha mistari ya pembeni isimame hadi ua la mwisho lidondoke.