Msitu Uliozaliwa Machimboni Bamburi

Mgeni aliyeko Mombasa na apendaye kutazama wanyama hana lazima ya kusafiri mpaka Tsavo. Akiisha kuvuka Daraja la Nyali, huishika barabara ya Malindi, akapita Kisauni, na baada ya mwendo mfupi hufika Bamburi. Hapo ipo bustani ya wanyama iitwayo Haller Park. Humo twiga na pofu hutembea miongoni mwa miti, na viboko na mamba hukaa katika vidimbwi. Atazamaye ndege atamwona mnandi akianika mabawa yake juani, na mdiria akivizia samaki, na minana wakisuka viota vyao juu ya maji.

Lakini jambo kubwa la kutazamwa hapo ni ardhi yenyewe. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yakachimbwa mahali hapo hata udongo wote ukaondoka, pakabaki uwanda mweupe wa mawe, mkavu, usio na kivuli. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti ya aina 26 katika mashimo hayo. Ni aina 3 tu zilizostahimili, na iliyostawi kuliko zote ni mivinje.

Mivinje ikakua, majani yake yakaanguka. Lakini hayakuoza, yakarundikana tu juu ya mawe. Ndipo walipoletwa majongoo wenye miguu myekundu. Hao waliyala majani yale makavu, na kinyesi chao kikawa mbolea. Kidogo kidogo udongo mweusi ukajengeka, miti mingine ikapata pa kushika mizizi, na ndege wakaja.

Basi mahali palipokuwa pamekufa pakawa kimbilio. Desemba 2004 mtoto wa kiboko aitwaye Owen, aliyeokolewa baharini upande wa Malindi, aliletwa Bamburi, akaambatana na kobe mkongwe aitwaye Mzee kama aambataye na mzazi wake; na habari hiyo ikaenea duniani.

Wako wakulima wengi wanaosema kwamba shamba lao limechoka, na huku kila msimu huyakusanya majani na kuyatia moto. Mkulima wa namna hiyo na aende Bamburi siku moja. Huko kazi ya kufufua ardhi haikuanzwa na tembo wala simba, bali na jongoo, ambaye watu humpita bila kumtazama.