Hakuruka Dozi

Kaka yetu alianza kuumwa kichwa masika ya mwaka 2002, Mtoni kwa Azizi Ali. Hakikuwa kichwa cha kumeza panadoli ukalala. Mchana tulitundika kanga dirishani maana mwanga ulimchoma, na akisikia konda wa daladala anaita Mbagala alishika masikio. Tukaanza na malaria, kama nyumba zote. Klorokwini ilikuwa imeondolewa mwaka uliotangulia, akapewa SP iliyoshika nafasi yake, isifue dafu. Shangazi akasema jini. Wenzake wa gereji wakasema amekanyaga miwaya, yaani ana virusi vya Ukimwi, na hao hawakukosea.

Hospitali wakataka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Mtaani iliaminika kwamba anayetolewa maji hayo harudi mzima, labda kwa sababu wengi waliofika kwenye sindano ile walikuwa wamechelewa tayari. Mama aligoma siku nzima. Kaka mwenyewe ndiye aliyegeuka ubavu, akakunja magoti, akasema, "Wachome tu, mama."

Majibu: fangasi kwenye utando wa ubongo. Mimi fangasi niliowajua walikuwa wa vidole vya miguu, na mapunye ya watoto. Daktari alitueleza taratibu kwamba vimelea hao wamo kwenye vumbi na kinyesi cha njiwa, wengi wetu tunawavuta, ila humpanda kichwani yule ambaye kinga yake imeshuka. Jirani yetu alifuga njiwa. Mama alimnunia mpaka alipohama, maskini, bila kujua kosa lake.

ARV za bure zilikuwa hazijaja. Zilianza kutolewa mwishoni mwa 2004. Kaka akaandikiwa flukonazoli, hiyo peke yake. Nilimmezesha mimi, kila asubuhi baada ya uji, kisha namwambia, "Panua," nakagua chini ya ulimi. Akapata nafuu. Akaanza kukaa barazani na kuulizia ovaroli lake la kazi. Halafu kichwa kikarudi, kikali kuliko cha kwanza.

Hapo maneno yakaanza. "Huyu ameruka dozi," muuguzi mmoja alisema, akamwaga vidonge kitandani na kuvihesabu mbele ya wodi nzima. Hesabu ilitimia, lakini hakuomba radhi. Kaka alifariki mwezi wa nane. Kwenye vikao vya ukoo lawama ile iliendelea kuishi: dawa alipewa, akajimaliza mwenyewe.

Binti yake sasa ni mtu wa maabara. Ndiye aliyenisomea utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wa wagonjwa 20 wa hapa Tanzania wenye ugonjwa huohuo. Wote, kabla ya kuanza matibabu, tayari walikuwa na vimelea wachache sugu katikati ya wale wa kawaida. Wengi kati ya hao sugu walibeba kromosomu ya ziada. Waliopewa flukonazoli peke yake, ndani ya wiki mbili sehemu ya wale sugu ilizidi kukua: dawa inafyeka wanyonge, wababe wanabaki na shamba lote. Waliochanganyiwa na flusitosini, kufikia siku ya 14 hakuonekana tena sugu hata mmoja.

Maji ya mgongo wa kaka hayakuhifadhiwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba usugu huo ndio uliomuua. Ninachoweza kuapia ni kwamba vidonge alimeza, na kwamba mgonjwa anaweza kumeza vyote na bado vimelea wakamshinda. Nilisema hivyo kwenye arobaini ya shangazi, mbele ya wazee. Baba mdogo alikohoa, akaagiza chai.

Shirika la Afya Duniani lilisisitiza dawa za kuchanganya kwa ugonjwa huo mwaka 2018. Nikamuuliza binti kama hiyo flusitosini ni uvumbuzi mpya. Akacheka bila furaha. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1957. Nchi nyingi za Afrika hazikuwa hata zimeisajili. Kaka alizaliwa mwaka 1968.