Mkono wa Kulia

Nililelewa katika imani kwamba deni la mama halilipiki, na kwamba mtoto mwema hulipunguza kwa kutumika. Kwa hiyo, mama yangu alipopatwa na kiharusi nyumbani kwetu Tandika, wilayani Temeke, niliapa kuwa mkono wake na ulimi wake. Kiapo kilikuwa cha mapenzi, lakini nusura kimdhuru.

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika katika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake. Upande wa kushoto wa ubongo huamrisha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio makao ya lugha. Ndiyo sababu mama alipotewa na mkono wa kulia na maneno kwa siku moja. Mwanamke aliyeuza nazi sokoni miaka mingi bila ya kukosea hesabu, sasa alitaka maji akataja kisu. Jirani alisema ni upepo mbaya. Hakuna aliyetaja shinikizo la damu.

Wala msiba huu haukuwa wetu peke yetu. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, umri ukisawazishwa, kiharusi kiliwapata watu kama 316 katika kila 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, na kama 109 wilayani Hai.

Kula kwa mkono wa kushoto kwake ilikuwa aibu. Basi nilimlisha kwa kijiko. Kila sentensi aliyoianza niliimaliza mimi. Mtaalamu wa tiba ya viungo alipotutembelea, alinitazama kitambo, kisha akasema kwa upole, "Kaka, mkono usiotumwa husahauliwa." Akanieleza kwamba sehemu za ubongo zilizosalimika zaweza kujifunza baadhi ya kazi za zile zilizokufa, lakini hujifunza kwa kazi inayorudiwa mara nyingi, na mwenye kuifanya lazima awe mgonjwa mwenyewe.

Tangu siku ile nilianza kazi ngumu kuliko kutumika, nayo ni kungoja. Kila asubuhi nilipanga vifuu kumi juu ya mkeka; mama alivihamisha kimoja kimoja, akihesabu. Alipofika nne alikwama, machozi yakamtoka. Neno "tano" lilikuwa kinywani mwangu, nami nililimeza. Lilichukua siku nyingi kumrudia.

Jioni moja alikata tonge la ugali kwa mkono wa kulia. Nusu ilianguka mkekani. Nikanyosha mkono kumsaidia, naye akanitazama akasema, "Acha."

Hata leo mkono ule hauwezi kufunga kanga, na majina ya wajukuu humchanganya. Lakini ala kwa mkono wake. Na akilitafuta neno, sote barazani tunanyamaza mpaka alipate.