Lubumbashi, Mji wa Gitaa

Ukiingia Lubumbashi kwa barabara ya Kasumbalesa, usianze kuulizia shaba. Hiyo utaiona tu: bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima cheusi cha mabaki ya tanuri havikwepeki. Wewe ulizia gitaa.

Mji ulianza 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Wafanyakazi wakamiminika kutoka kila upande, na Kiswahili kikawaunganisha. Humo ndimo gitaa lilimopata mafundi wake, na kinara wao ni Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, 1930. Bunkeya ni makao ya Msiri, mtawala aliyetoka Unyamwezi. Kwa hiyo Watanzania nao wana lao katika hadithi hii. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo. Wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka, na mwaka 1969 mwenyewe akapiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Sikiliza ile kazi ya vidole. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, cha shahada kinalijibu kwenye nyembamba, mpaka unaapa kwamba wapigaji ni wawili. Linganisha na kwingine. Pwani tunauheshimu muziki wa Kihindi, na unastahili: mpiga sitar hupokea raga, yaani mwongozo wa melodia, kwa ustadhi wake, kwa sikio, halafu huitandaza kadiri ya ufundi wake na saa aliyonayo. "Masanga" nayo Mwenda hakuipiga namna moja maisha yake yote. Sasa kwa nini ule tuuite elimu, na huu tuuite nyimbo za wazee? Mimi sioni tofauti ya daraja.

Katikati ya mji, katika komuni ya Lubumbashi yenyewe, tembea kwa miguu. Septemba mijakaranda inachanua zambarau juu ya udongo mwekundu. Kanisa kuu la Petro na Paulo ni la matofali. Pita hapo ukimkumbuka Joseph Kiwele, mtunzi wa muziki wa kanisa aliyelitungia jimbo la Katanga, lililojitenga mwaka 1960, wimbo wake wa taifa. Mchana kula bukari, yaani ugali, kwa samaki, na usiharakishe maongezi.

Mwenda alifariki 1990 katika ajali ya gari. Rekodi alizofanyiwa na Tracey bado zinapatikana. Zitafute, uzisikilize vizuri, ndipo ukate tiketi.