Mpira wa Baba

Baba, bwana shamba wa Handeni, aliniachia Yamaha AG100. Mwaka huu mpira unaounganisha kabureta na injini ulipasuka. Ikawa inavuta hewa, mlio unapanda wenyewe. Niliapa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nilizunguka Korogwe nzima: spea zote ni za bodaboda za sasa.

“Lete tyubu ya baiskeli, mwanangu,” fundi akasema.

Alipokwangua grisi tukakuta tyubu nyingine, kuukuu, imefungwa kwa waya uliosokotwa kinyume. Baba alitumia mkono wa kushoto.

Kumbe pikipiki nzima niliyoililia sikuwahi kuiona.

Fundi akaikata ile kuukuu, akanipa mpya nifunge mwenyewe.

“Petroli itaila na hii,” akasema. “Jifunze.”