Juu ya Kuonja Divai Nyekundu

Labda wasomaji wengine watachukizwa kidogo kumwona mwalimu wa shule akisimulia habari za divai na tumbaku katika kurasa hizi. Hatuandiki ili tumshawishi mtu anywe. Walevi tumewaona, na watoto wao tunawafundisha. Twaandika habari za kuonja tu, yaani funda moja au mawili, na daftari mkononi. Kazi tuipendayo tangu miaka sita, wala hatukufundishwa na mtu.

Asili ya hamu hiyo ni kuhamia kwetu Dodoma. Huko, katika miaka ya 1950, wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu mahali paitwapo Bihawana, wapate divai ya Misa, na baadaye wenyeji wengi wakaifuata kazi hiyo. Nchi ni kavu, nayo huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalipati. Mavuno ya kiangazi ndiyo matamu, maana zabibu za wakati wa mvua hujaa maji.

Yafaa msomaji ajue kwamba zabibu nyekundu nyingi, ukizikamua, hutoa maji meupe. Wekundu umo katika maganda, yanayoachwa ndani ya maji yale siku kadhaa yanapochachuka. Katika maganda na kokwa hutoka pia kitu kile kinachokaza ulimi na ufizi. Vitabu vya Wazungu vina jina lake, nasi tulilitaja kwa fahari muda mrefu, kana kwamba sisi tuliozaliwa pwani hatukupata kula bibo bichi tukaujua ukakasi.

Basi mwezi mmoja wa Agosti tuliwaalika walimu wenzetu wawili, pamoja na mzee jirani mwenye shamba la mizabibu. Tulikuwa na chupa ya Ufaransa, iliyotugharimu fedha nyingi. Tuliinunua katika duka moja la mjini, ilikokuwa imesimamishwa dirishani penye jua. Tukaimimina, tukaizungusha katika bilauri, tukanusa, tukaanza kusema: hapa pana cheri, hapa pana ngozi, hapa pana mti wa mwerezi. Wenzetu wakaitikia kwa vichwa. Cheri hatujaila hata leo.

Yule mzee akanusa, asinywe. Akasema, "Mwalimu, hii imechacha."

Tukamjibu kwamba divai za ng'ambo zina uchachu wake, na mtu huuzoea. Akasema, "Haya, mwanangu," akaiweka bilauri chini kwa adabu.

Usiku, wageni walipokwisha kwenda, tuliionja tena peke yetu. Ilikuwa siki. Kizibo kilikuwa kimekauka kwa kusimama juani, hewa ikaingia. Na lililotuuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumeisikia harufu ile tangu mara ya kwanza. Karatasi ya chupa ndiyo iliyotufumba pua. Sisi tuwakemeao watoto kwa kunakili majibu ya jirani!

Kesho yake tulikwenda kwa mzee kumtaka radhi. Hakutuacha tuseme mengi. Akatoa chupa ya divai yake mwenyewe, akaizamisha katika mtungi wa maji uliokuwa kivulini, maana divai nyekundu ikipata joto la mchana wa Dodoma hunuka kileo kitupu. Baada ya saa nzima akatumiminia. Harufu yake ya kwanza ilikuwa zambarau zilizoiva hata kupasuka. Kinywani ikaja na ukali kama wa ukwaju, kisha ukakasi ukashika ufizi usiachie, na mwisho uchungu wa buni iliyokaangwa kupita kiasi. Akatuuliza, "Waionaje?" Tukasita. Kisha tukamwambia kwamba harufu ni njema sana, lakini divai yenyewe ni changa, inauma. Akacheka mpaka akafuta macho. "Kweli," akasema, "niliiharakisha, nilitaka ada ya shule ya mjukuu."

Nasi tulikuwa tumemletea zawadi, sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi, ambayo jani lake la nje lilitoka Kamerun. Moshi wake haumezwi, hushikwa kinywani tu, ingawa hata hivyo tumbaku haiachi kumdhuru mtu. Ilikuwa na harufu ya majani makavu ghalani, na utamu wa asali ulioishia katika pilipili manga. Wako wasemao kwamba sigara ya namna hii na divai nyekundu ni ndugu. Sisi hatukubali: baada ya moshi ule, divai ya mzee ilikuwa kama maji ya kutu, na chai ya asubuhi ilikuwa majivu. Mzee alivuta mara mbili, akaizima, akaiweka nyuma ya sikio.

Chupa ya Ufaransa hatukuimwaga. Mke wa mzee aliiomba, akaitia katika kachumbari, na hapo ilifaa sana.